Kombe ni pambo, mwenyewe ana chusa

Na Mwandishi Wetu

JUMAPILI moja ya bamvua, maji yakiwa yamekupwa hata ngalawa zimelala ubavu juu ya mchanga, nilikwenda pwani ya Kunduchi pamoja na mama watoto na watoto wetu wawili. Kwa mfanyakazi wa mshahara wa mwezi matembezi ya namna hii ni nafuu: nauli ya basi, mihogo ya kuchoma na kachumbari, na bahari yenyewe haidai kiingilio. Watoto walitutangulia mwambani, wakiruka kutoka dimbwi moja hadi jingine, na hazikupita dakika nyingi binti yetu wa miaka saba akarudi mbio, mkono kaunyosha mbele.

"Baba, tazama! Nimeokota pia!"

Kwa hakika kitu kile kilifanana na pia ya kuchezea: upande mmoja mpana, upande wa pili umechongoka. Urefu wake haukuzidi kidole changu cha kati. Rangi yake ilikuwa ya asali, na juu ya asali hiyo palitapakaa vijipembetatu vyeupe, vikubwa kwa vidogo, vimepandana kama magamba ya samaki. Lilikuwa kombe la kupendeza kuliko yote niliyopata kuyaona siku hiyo. Nilikuwa nimekwisha kunyoosha mkono nilipokee.

Hatua chache kutoka pale alikuwapo bibi mmoja, kanga kaifunga kiunoni, akichokoa chaza kwa kipande cha chuma na kuwatia kapuni. Aliinua uso akatutazama.

"Mwanangu, mwambie mtoto aweke chini. Huyo hashikwi."

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Aweke chini kwanza, tutaamkiana baadaye."

Mtoto aliliachia likaanguka dimbwini. Tukachuchumaa wote wanne tukalitazama. Kitambo kidogo kikapita, na kutoka upande ule uliochongoka ukachomoza mrija mfupi wenye mistari, ukapinda huku na huku kana kwamba unanusa. Kombe likaanza kutembea. Nilimwuliza bibi yule jina la kiumbe huyo. Alicheka. "Asiyeliwa ana jina gani? Mama zetu walituambia huyu ni wa kutazama, basi." Akarudi kwenye chaza zake.

Tulipofika nyumbani jioni, jambo la kwanza nililoliona lilikuwa juu ya kabati la vyombo. Kombe la namna ile ile, asali na vijipembetatu, limekaa pale miaka mingi kando ya picha ya harusi. Nililinunua kwa mchuuzi wa barabarani, nikaliona pambo tu, kama ua la plastiki. Tangu jioni ile nimesoma habari zake kadiri nilivyoweza, na katika makala haya nitamwita kama alivyomwita binti yangu: konokono-pia.

UKOO WA WAWINDAJI

Wataalamu humwita Conus, na ukoo wake una aina zinazokaribia 1,000. Wengi wao wanaishi katika bahari za joto, hasa Bahari ya Hindi na Pasifiki, penye matumbawe, mawe na mchanga wa maji haba. Pwani yetu, kuanzia Lamu hadi Mtwara na visiwani, ni makao yao ya asili. Mchana hujificha chini ya mawe au hujifukia mchangani. Usiku hutoka kuwinda.

Neno kuwinda huenda likamshangaza msomaji. Sisi wa mjini tunamjua konokono wa bustanini, mla mchicha, ambaye ukimwekea kijiti njiani anachukua nusu saa kukizunguka. Konokono-pia ni mla nyama. Aina nyingi hula minyoo ya baharini. Nyingine hula konokono wenzao, na yule mwenye vijipembetatu, ambaye jina lake la kitaalamu ni Conus textile, yumo katika kundi hili. Aina chache hula samaki. Katika miaka ya 1950 mtaalamu wa Kimarekani, Alan Kohn, alifanya utafiti wake huko Hawaii na kuthibitisha jambo ambalo lilikuwa gumu kuaminika, kwamba mnyama huyu asiyeweza kumkimbiza hata kaa mchanga anakamata samaki aliye hai na kummeza mzima.

Siri yake ni chusa.

Wavuvi wetu wanajua chusa: mkuki wenye ncha ya kurudi nyuma, ukishaingia hautoki. Konokono-pia anacho cha kwake, kidogo kama kipande cha uzi. Konokono wengine wana utepe wa meno ambao hukwangulia chakula mawe, lakini kwa huyu kila jino limejikunja likawa bomba jembamba, tupu ndani kama sindano ya hospitali, na nchani limechongwa vijino vya kunasia. Meno haya hukaa yamehifadhiwa katika mfuko, kama mishale katika podo. Mrija ule tuliouona dimbwini ni pua yake. Kwa huo huvuta maji na kutambua harufu ya windo lililo karibu. Akisha kuitambua, hutoa mkonga laini, taratibu, na nchani mwa mkonga amekwisha kuliweka jino moja tayari, limejaa sumu. Mkonga ukigusa ngozi ya samaki, jino hufyatuka kwa kasi ambayo jicho la binadamu haliwezi kuifuata. Samaki hukakamaa papo hapo. Konokono hana haraka tena. Humvuta kwa chusa kama kwa mshipi na kumtia kinywani. Jino likishatumika limekwisha kazi. Safari nyingine atatoa jipya.

Yupo mmoja, Conus geographus, kombe lake jepesi na pana kidogo mdomoni, ambaye hutumia hila nyingine. Huyu hufungua kinywa chake kikawa kama jarife, akakielekeza kwenye vishimo ambamo samaki wadogo wamelala usiku. Wataalamu waligundua mwaka 2015 kwamba ndani ya sumu yake imo insulini. Ndiyo, insulini ile ile ya wagonjwa wa kisukari, ila ameitengeneza kwa mfano wa insulini ya samaki. Inapochanganyika na maji na kuingia mwilini mwa samaki, sukari ya damu yao hushuka ghafla, wakalegea wasiweze kuogelea. Kinywa huwafunika wakiwa bado hai. Nimewahi kumwona jirani yangu mwenye kisukari akiishiwa sukari mwilini mbele ya duka, miguu imemlegea, maneno hayatoki. Niliposoma habari za samaki wale nilimkumbuka yeye.

BINADAMU

Konokono-pia hamfuati mtu. Humdunga anapobanwa: ametiwa mfukoni, amefumbatwa kiganjani, anakwanguliwa kombe. Mwandishi wa kwanza kuandika habari za kifo cha namna hii alikuwa Rumphius, Mjerumani aliyefanya kazi katika kampuni ya Waholanzi kisiwani Ambon, katika nchi ambayo leo ni Indonesia. Macho yake yalipofuka mwaka 1670, naye aliendelea kuandika kwa kusomewa na kuandikiwa, na kitabu chake juu ya makombe kilitoka mwaka 1705, miaka mitatu baada ya kufa kwake. Humo ameeleza juu ya mtumwa mmoja mwanamke, huko Banda, aliyeokota konokono wa namna hii wakati wa kuvuta nyavu. Alihisi mwasho kidogo mkononi. Mwasho ukapanda mkono, ukaenea mwili mzima, akafa. Jina la mwanamke huyo halikuandikwa.

Mwaka 1935, katika kisiwa cha Hayman nchini Australia, kijana wa miaka 27 alimshika Conus geographus kwa mkono mmoja huku akilikwangua kombe kwa kisu. Hakuona maumivu ya kutisha. Midomo ilianza kufa ganzi, macho yakafifia, miguu ikakataa kusimama, naye akafariki siku ile ile. Vifo vilivyoandikwa dunia nzima vimezidi 30, na vingi vya vile ambavyo aina ya konokono ilitambuliwa vilitokana na huyu geographus. Ukilinganisha na ajali za barabarani hesabu hiyo ni ndogo sana. Lakini mzazi ambaye mtoto wake ana pia mfukoni hafanyi hesabu za dunia nzima.

Haya ndiyo ya kukumbuka. Hakuna dawa ya kuiondoa sumu hii mwilini. Kinachoua ni kupooza kwa misuli ya kuvutia pumzi, na mgonjwa akisaidiwa kupumua mpaka sumu iishe nguvu, anaweza kupona kabisa. Kwa hiyo mtu akidungwa, asikimbie wala asitembezwe. Alazwe, kiungo kilichodungwa kifungwe kitambaa kipana kwa kukikaza, kuanzia kwenye jeraha na kwenda juu, bila kuzuia damu isipite, kisha kifungiwe kijiti kisitikisike, na apelekwe hospitali mara moja hata kama anasema haumwi. Pumzi ikikatika njiani, apuliziwe kwa mdomo bila kuacha. Kuchanja jeraha kwa wembe au kulinyonya ni kuongeza hatari. Na wale wanaosema kwamba ukimshika kwa upande mpana hakufikii, wasisikilizwe: mkonga wa baadhi ya aina unanyumbuka hata ukafika nyuma ya kombe.

TUNDU LA USHANGA

Wawindaji wengine wa pwani wanatumia subira badala ya sumu. Nani kati yetu aliyekulia pwani hakupata kuokota gamba la chaza mchanga lenye tundu moja dogo, la mviringo kamili, kana kwamba fundi wa vito amelitoboa? Tulitia uzi, tukavaa shingoni, wala hatukuuliza ni nani aliyetutobolea. Tundu lile ni alama ya mauaji.

Mtobozi ni konokono mwenye kombe la mviringo, laini kama kete iliyosuguliwa, anayetembea chini ya mchanga. Akimkuta chaza humkumbatia kwa unyayo wake mpana, kisha huanza kazi: hupaka tindikali mahali pamoja juu ya gamba, likalainika, halafu hukwangua kwa utepe wa meno, hupaka tena, hukwangua tena. Kazi hiyo yaweza kuchukua saa nyingi, hata siku nzima na zaidi. Gamba likishatoboka hupenyeza mkonga ndani na kumla mwenye nyumba. Ukilitazama tundu utamjua mtobozi: la huyu wa mchangani limepanuka juu na kupungua kwenda chini kama bakuli, na la binamu zake wa mwambani, wenye makombe ya miiba, lina kuta zilizosimama wima. Mayai yake huyagandisha kwa mchanga na ute yakawa kama kola ya shati iliyokatwa. Mara nyingi nimeyaona pwani nikadhani ni kipande cha mpira kilichotupwa na meli.

Hao binamu wa miiba ndio ambao Wafoinike wa Tiro na Sidoni, katika Lebanoni ya leo, waliwakamua rangi ya urujuani iliyovaliwa na wafalme. Mwaka 1909 mkemia wa Kijerumani, Paul Friedländer, alitumia konokono 12,000 akapata gramu 1.4 za rangi. Haishangazi kwamba nguo ile haikuvaliwa na mpagazi.

THAMANI YA KOMBE

Tukirudi kwa konokono-pia, sisi Waafrika tulimjua zamani, na tena mbali na bahari. Ukilikata kombe lake upande ule mpana unapata kisahani cheupe chenye mzunguko wa kupendeza. Visahani hivi vilisafiri na misafara kutoka pwani hadi bara, mkono kwa mkono, na huko vilikuwa alama ya utawala: watemi wa Unyamwezi na Usukuma walivivaa, na kusini zaidi, Zambia ya leo, viliitwa mpande. Katika makaburi ya Ingombe Ilede, karibu na mto Zambezi, yaliyofukuliwa mwaka 1960, waliokutwa wamezikwa na dhahabu walikutwa na makombe haya vilevile. Mwaka 1854 mtawala Shinte wa Walunda alimvika David Livingstone kisahani kimoja shingoni kuwa ushahidi wa urafiki, na Livingstone akaandika bei yake: viwili vilinunua mtumwa, vitano vilitosha kwa pembe ya ndovu ya thamani ya pauni kumi. Msomaji aisome bei hiyo mara mbili. Mtu mzima, mwenye mama yake na jina lake, kwa visahani viwili vya kombe.

Ulaya nako matajiri walirukwa na akili kwa ajili ya makombe hayo hayo. Rembrandt, mchoraji mashuhuri wa Uholanzi, alichora moja mwaka 1650 kwa kulichonga katika bamba la kuchapia. Alilichonga kama alivyoliona, akasahau au hakujali kwamba chapa hugeuza kulia kuwa kushoto. Hata leo kombe la Rembrandt limejisokota upande ambao konokono mwenyewe hajisokoti. Jina lake, lakini, alikumbuka kuliandika kinyume ili lisomeke sawasawa.

DAWA

Habari iliyonigusa kuliko zote ni ya Mfilipino, Baldomero Olivera. Alisoma Marekani akapata shahada ya udaktari wa sayansi, na mwishoni mwa miaka ya 1960 alirejea kwao kufanya kazi. Maabara haikuwa na vifaa vya utafiti aliouzoea. Badala ya kukunja mikono alijiuliza, je, ni kitu gani tulicho nacho hapa kwa wingi? Makombe aliyaokota tangu utotoni, na sokoni konokono-pia waliuzwa wawe kitoweo. Akaanza kuipima sumu yao, pamoja na mwenzake Lourdes Cruz, na baadaye akaendelea katika Chuo Kikuu cha Utah.

Waliyoyakuta hayakutarajiwa. Sumu ya aina moja si kitu kimoja. Ni mchanganyiko wa protini ndogo ndogo zaidi ya mia, na kila moja ina kazi yake katika mishipa ya fahamu. Mwanafunzi mmoja alitoa shauri kwamba wazijaribu moja moja kwa kuzidunga katika ubongo wa panya. Moja iliwatia usingizi panya wachanga, lakini panya wakubwa iliwafanya wahangaike huku na huku. Nyingine, kutoka kwa Conus magus wa Ufilipino, ilionekana kuziba njia ambayo habari za maumivu hupitia katika uti wa mgongo. Kutokana na hiyo ilitengenezwa dawa iitwayo zikonotaidi, ambayo iliruhusiwa kutumika Marekani mwezi Desemba 2004. Hutiwa moja kwa moja katika maji ya uti wa mgongo kwa pampu ndogo, kwa wagonjwa wenye maumivu makali yasiyosikia dawa nyingine, wakiwamo wa saratani. Tofauti na mofini, haimfanyi mgonjwa awe mtumwa wake. Si dawa rahisi. Yaweza kuvuruga akili, na madaktari huipima kwa uangalifu mkubwa. Haitokani na konokono walioponzwa baharini, maana imeigwa na kutengenezwa maabarani.

Ile insulini ya Conus geographus nayo inachunguzwa. Insulini ya binadamu hukaa imeshikamana sita sita, na ikidungwa lazima kwanza ziachane ndipo ifanye kazi. Ya konokono haina sehemu ile ya kushikamana, kwa hiyo huanza kazi mara moja. Tangu mwaka 2016, umbo lake lilipojulikana, wataalamu wamekuwa wakijifunza kwake namna ya kutengeneza insulini ya kasi kwa wagonjwa.

Sasa nirudi kwenye kabati langu la vyombo. Kombe lililotupwa na mawimbi huwa limepauka, limechubuka, aghalabu limevunjika mdomo. Kombe linalong'aa kama lilivyong'aa la kwangu kwa kawaida limetolewa kwa mnyama aliye hai: amechemshwa, au amefukiwa mchangani mpaka aoze. Nilipomlipa mchuuzi nililipia hilo, ingawa hakuniambia wala sikumwuliza. Simlaumu, ana watoto kama mimi. Visiwa vya Mbudya na Bongoyo, pamoja na Pangavini na Fungu Yasini, ni hifadhi tangu mwaka 1975, na kuokota kitu huko ni kosa. Lakini mahali pengi hapana hifadhi, na hata mtu asiyeokota kitu anaweza kuharibu kwa kupindua jiwe na kuliacha limelala chali. Mayai ya konokono hawa hugandishwa chini ya mawe, na jua la saa sita haliyaachi.

Bamvua lililofuata tulirudi Kunduchi. Bibi yule hatukumwona. Binti yangu alikuwa na kijiti cha ufagio, amekatazwa kugusa kitu kwa mkono, naye alilitii agizo hilo kwa bidii ambayo hajapata kuionyesha katika kazi za shule. Pia hakuipata. Alichokipata kilikuwa alama mchangani, mfuo wa upana wa kidole, umepinda pinda kati ya mawe mawili na kuishia kwenye kivimbe kidogo.

"Baba, yumo ndani?"

Nikamwambia yumo. Alichuchumaa, mikono kaificha mgongoni, akakitazama kivimbe kile bila kusema neno, mpaka maji yalipoanza kurudi yakatufika magotini na mama yake akatuita.